Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya umeme Uganda: tuonyesheni mkataba kabla ya kuutia sahihi

Walukuba, Jinja

Kwa Waheshimiwa:
Waziri wa Nishati na Maendeleo ya Madini,
Wajumbe wa Mamlaka ya Kusimamia Umeme,
Wabunge wa Kamati ya Mazingira na Maliasili,
Kampala.

YAH: MIKATABA NA MIKOPO YA MITAMBO MIKUBWA YA UMEME

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Karakana yangu ipo hapa Walukuba, na kutoka mlangoni kwangu hadi bwawa la Nalubaale ni safari fupi ya bodaboda. Baba yangu aliletwa Jinja na umeme wa bwawa hilo. Lilipofunguliwa mwaka 1954 viwanda vililifuata, cha nguo, cha kuyeyusha shaba iliyokuja kwa treni kutoka Kilembe, na vijana wa kila kabila wakashuka hapa kutafuta kazi. Ndiyo maana hadi leo karakanani kwangu yumo Msoga, Mnyole, Mluo na Mnubi, na lugha tunayoelewana nayo ni hii ninayowaandikia. Kiswahili kimekubaliwa na serikali yenu kuwa lugha rasmi ya pili. Naomba basi barua hii isiwekwe kando kwa sababu ya lugha yake.

Sikukimbilia hadharani. Niliandika barua mbili kwa ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja kwa kuwa nia yangu si kumtia mtu aibu. Niliomba kusoma mikataba ya mitambo ya umeme ambayo sisi wananchi tunailipia. Niliomba kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2005, inayoipa ofisi siku 21 kujibu. Barua ya kwanza iligongwa muhuri wa kupokelewa, basi. Ya pili niliambiwa nirudi wiki ijayo, na nimerudi wiki nyingi. Siku ya mwisho karani alinitazama kwa huruma akaniambia, "Mzee, haya mambo ni makubwa."

Ni makubwa kweli. Lakini yanalipwa kwa pesa ndogo ndogo: yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, ya elfu tano, yaka ya elfu kumi, mama wa saluni anayenunua uniti za kumtosha mteja mmoja. Anayelipa ana haki ya kujua alichouziwa.

Nina mambo manne, na la kwanza litachukua nafasi kubwa kwa sababu ndilo ninalolifahamu kwa mikono yangu.

1. Mtambo unaweza kung'aa nje huku ndani umeoza, na deni lake likabaki.

Vijana wangu huniambia kwamba shida yetu Uganda ni kutegemea maji, na kwamba tungekuwa na mitambo mikubwa ya makaa ya mawe kama ya Afrika Kusini tungepumua. Nikaamua kusoma habari za mtambo wa Medupi, ulioko Lephalale, jimbo la Limpopo. Nawaomba nanyi muusome, maana kila kitu ninachokiogopa kimo humo.

Ujenzi ulianza mwaka 2007. Mwaka 2010 Benki ya Dunia ililikopesha shirika la umeme la Afrika Kusini, Eskom, dola bilioni 3.75, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa ya Medupi. Mpango ulikuwa vinu sita, jumla karibu megawati 4,800. Kinu cha kwanza kilianza kazi rasmi mwaka 2015, cha mwisho kikakamilika mwaka 2021. Katikati ya miaka hiyo ikagundulika kwamba maelfu ya viungio vilivyochomelewa kwenye boila havikupashwa joto kwa utaratibu unaotakiwa. Ikabidi vikaguliwe na kurudiwa.

Nilipofika hapo niliiweka simu chini. Waheshimiwa, boila si geti la shule. Bomba linalobeba mvuke wenye joto kali na shinikizo kubwa, ukishachomelea kiungo chake, unakipasha moto kwa kipimo na kukiacha kipoe polepole. Usipofanya hivyo, chuma hubaki na mkazo ndani, na siku moja kinaweza kupasuka. Kwa macho hutaona lolote. Kiungo kibaya na kiungo kizuri vinafanana, hasa vikishapakwa rangi. Anayejua tofauti ni aliyekishika, na aliyelipwa kukikagua. Kama mkaguzi hana nguvu, au mkataba unampa mjenzi njia ya kupita pembeni, mwenye nchi anakabidhiwa rangi.

Agosti 2021, siku chache tu baada ya Medupi kutangazwa kuwa imekamilika, jenereta ya kinu cha nne ililipuka. Gesi ya haidrojeni ilikuwa haijaondolewa yote, na hewa ikaingizwa ndani. Kila kijana anayeshika mtungi wa gesi karakanani kwangu hufundishwa hatari ya namna hiyo wiki ya kwanza. Ilichukua karibu miaka minne kukirudisha kinu hicho.

Sasa tazameni fedha. Gharama za Medupi na pacha wake Kusile zilipanda mno kupita makadirio ya mwanzo. Deni la Eskom likavuka randi bilioni 400, na Februari 2023 serikali yao ikatangaza kubeba randi bilioni 254 za deni hilo, maana yake mlipa kodi. Na mwaka huohuo, wakiwa na mitambo miwili mikubwa mipya ya makaa, raia walikaa gizani kuliko mwaka mwingine wowote. Lipo na hili pia: mwaka 2015 kampuni ya Hitachi, iliyopewa kazi ya maboila ya mitambo yote miwili, ililipa dola milioni 19 kumaliza madai ya mamlaka ya soko la hisa ya Marekani kuhusu malipo yasiyofaa yaliyohusishwa na chama tawala. Haikukiri wala kukana. Madai hayo yalifunguliwa Marekani, wakati wananchi wa Afrika Kusini ndio waliokuwa wakilipa.

Afrika Kusini ina wahandisi wengi, ina vyuo, ina makaa yake yenyewe ardhini. Kama wao waliangushwa hivyo, sisi tunaokopa fedha na kukodi mafundi kutoka nje tuna kinga gani?

2. Lamu waliuliza mapema, na kuuliza kuliwaokoa.

Jirani zetu wa Kenya walitaka kujenga mtambo wa makaa Kwasasi, Lamu, megawati 1,050, kwa dola zipatazo bilioni mbili. Mamlaka ya mazingira ikatoa leseni mwaka 2016. Wakazi, wavuvi na watu wa kawaida, wakaenda mbele ya Baraza la Kitaifa la Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 baraza likaifuta leseni ile kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka 2020 benki ya ICBC ya China, iliyotarajiwa kuukopesha mradi, ikajitoa.

Jambo lililonishtua zaidi halikuwa moshi. Lilikuwa malipo. Wachambuzi wa IEEFA, taasisi inayochunguza fedha za nishati, walikadiria mwaka 2019 kwamba kwa mkataba ule Kenya ingelipa zaidi ya dola milioni 360 kila mwaka, kwa miaka 25, kwa ajili tu ya mtambo kuwepo, hata kama hautoi umeme. Kama leseni isingepingwa, hesabu hiyo ingekuwa leo inakatwa kwenye mita za watu wa Mombasa na Kisumu.

3. Hapa nyumbani tumeshayaonja.

Mtasema Uganda haina mtambo wa makaa. Ni kweli, nami namshukuru Mungu. Lakini ugonjwa ninaousema hauko kwenye makaa. Uko kwenye karatasi.

Mwaka 2005 na 2006 maji ya Ziwa Victoria yalishuka. Sisi tunaokaa hapa tuliona mawe ambayo hatukuwahi kuyaona. Nalubaale na jirani yake Kiira zinakunywa maji ya ziwa hilohilo, kwa hiyo zote mbili zikadhoofika kwa pamoja, na tukaishi siku giza, siku mwanga. Serikali ikakodi jenereta za dizeli, kisha ikaja mitambo ya mafuta mazito Namanve na Tororo. Nawaelewa waliofanya hivyo, nchi ilikuwa inazama. Lakini dharura ikageuka mazoea, na ruzuku ya serikali kwenye umeme ikawa mzigo hadi Januari 2012 ilipoondolewa kwa mara moja. Bei ya uniti kwa mtu wa nyumbani ikaruka kutoka shilingi 385 hadi 524. Mwezi ule nilipunguza vijana wawili. Mmoja wao sasa anaendesha bodaboda, na alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu.

Bujagali, mtambo mwingine wa maji, ikafunguliwa mwaka huohuo, megawati 250. Mwekezaji wa kwanza alikuwa ameshajitoa mwaka 2003, miaka ikapotea. Mtambo wenyewe haukuwa na kasoro ninayoijua mimi. Kilichotuumiza ni bei iliyoandikwa kwenye mkataba, hadi mikopo yake ikabidi ipangwe upya mwaka 2018 ili bei ipate kushuka.

Bwawa la Isimba ni hadithi nyingine. Ilizinduliwa Machi 2019, megawati 183, kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Agosti 2022 maji yaliingia kwenye jumba la mitambo na megawati zote 183 zikazimika. Mgao wa umeme ukarudi. Mimi wakati huo nilikuwa na oda ya vitanda vya chuma vya shule ya bweni, muhula wa tatu ukikaribia. Nilikodi jenereta, na petroli ilikuwa imepita shilingi 6,000 kwa lita. Vitanda nilivimaliza usiku, kwa hasara, kwa sababu watoto wasingeweza kulala sakafuni nikingoja bwawa likaushwe. Mkopo wa Isimba haukungoja. Riba haina mgao.

Bwawa la Karuma, megawati 600, jiwe la msingi 2013, tuliahidiwa 2018, ikazinduliwa Septemba 2024. Kwenye mtambo wa maji wa Achwa, kule Acholi, mashine zilikuwa tayari kabla ya njia ya kusafirisha umeme, na Mkaguzi Mkuu wa Serikali ameandika mara kwa mara juu ya fedha zinazolipwa kwa umeme ambao haukumfikia mtu. Nimejaribu kuwaeleza mafundi wangu jambo hili. Nikawaambia: ni kama mteja aniagize dirisha, asijenge nyumba, na mimi kila mwezi nimdai kodi ya dirisha. Wakauliza ni nani angetia sahihi mapatano ya namna hiyo. Sikuwa na jibu, kwa sababu mapatano yenyewe sijaonyeshwa.

4. Buyende.

Sasa tunasikia habari za mtambo wa nyuklia wilayani Buyende, megawati 1,000 ifikapo 2031 na nyingine 1,000 baadaye. Shemeji zangu wanalima upande huo. Sipingi elimu wala maendeleo. Lakini huu nao ni mtambo wa viungio kama Medupi, deni lake litakuwa kubwa kuliko yote tuliyowahi kubeba, na kosa lake halifutwi kwa pampu ya maji. Tukiuingia kwa mtindo wa siri tuliozoea, wajukuu zetu ndio watakaofunguliwa bahasha ya deni.

Najua majibu nitakayopewa, maana mengine nimeshapewa kwenye korido.

Mtasema mikataba ina siri za biashara. Lakini sheria yenu hiyohiyo ya 2005 inaruhusu habari itolewe pale ambapo faida kwa umma ni kubwa kuliko madhara. Ficheni michoro ya mashine kama ni lazima. Bei ya uniti, miaka ya mkataba, malipo ya mtambo usiozalisha, dhamana ya serikali na adhabu ya mjenzi akichelewa, hizo si siri za mtu. Ni hesabu zetu. Mkopeshaji amezisoma, mjenzi amezisoma, mawakili wa pande zote wamezisoma. Aliyeachwa nje peke yake ni yule anayelipa.

Mtasema wawekezaji watakimbia. Mwekezaji anayeogopa mteja wake asome risiti, mwacheni akimbie.

Mtasema mwananchi wa kawaida hataelewa. Mimi shule niliishia darasa la saba, na hesabu za Medupi nimezielewa. Wapo walimu, wapo wahasibu, wapo wahandisi vijana waliomaliza chuo na kukaa bila kazi. Wekeni karatasi mezani muone kama hazitasomwa.

Na mtasema umeme sasa upo wa kutosha, nchi ina zaidi ya megawati 2,000. Hilo ndilo linalonipa hofu kuliko yote. Kama upo wa kutosha, na bado hapa Walukuba, jirani wa bwawa, transifoma moja ikilemewa mtaa mzima unalala gizani, basi shilingi inayofuata iende kwenye nguzo, nyaya na transifoma. Mtambo mpya hautafika kwenye soketi yangu kwa kuruka hewani.

Kwa hiyo ninaomba haya:

Kwanza, mikataba yote ya kununua umeme na ya mikopo ya mitambo mikubwa iliyopo, kuanzia Bujagali, Isimba na Karuma, iwekwe mahali ambapo mwananchi yeyote anaweza kuisoma bila kuomba, pamoja na muhtasari kwa Kiswahili na kwa lugha za maeneo husika.

Pili, mkataba wowote wa Buyende, au wa mtambo mwingine wa ukubwa huo, usitiwe sahihi kabla ya rasimu yake kukaa hadharani siku 90 na kujadiliwa Bungeni mlango ukiwa wazi. Na watu wa Buyende wasikilizwe Buyende, wasiitwe hotelini Kampala.

Tatu, ripoti za kasoro za Isimba: kilichogundulika, kilichorekebishwa, kwa fedha ya nani, na kilichobaki.

Nne, kila robo mwaka mnapotangaza bei mpya ya uniti, mtuandikie pembeni ni shilingi ngapi za uniti hiyo zinalipa umeme tuliotumia, na ngapi zinalipa umeme ambao haukutumika. Mstari mmoja tu.

Tano, wakaguzi wa viungio, wa zege na wa mashine katika miradi hii walipwe na waripoti kwa Bunge, wasiwe chini ya mjenzi wala chini ya ofisi inayosubiri kukata utepe. Hili nalisema kama fundi. Nimewahi kumkataza mteja asipake rangi hadi niridhike na kiungo, akanuna, akaondoka na kazi yake. Mkaguzi wenu lazima awe na uwezo wa kukataa namna hiyo bila kupoteza mkate wake.

Ninajua barua hii inaweza kunifungia milango. Nina wateja wanaofanya kazi serikalini, na mke wangu ameniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nimemjibu kwamba nimelipia umeme tangu nilipokuwa kijana, sijawahi kuiba hata uniti moja, wala kupitisha waya kando ya mita. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kuuliza kwa jina la kazi yake.

Nakala za barua zangu mbili za awali, zenye muhuri na tarehe, ninazo. Nitangoja siku 21 zilezile za sheria kuanzia leo. Mkiniita, nitapanda matatu ya alfajiri kuja Kampala kwa nauli yangu, pamoja na mwalimu mmoja wa hesabu na mhandisi mmoja kijana wa hapa mtaani, na tutakaa kusoma katika chumba chochote mtakachotupa. Msiponiita, siku ya 22 nitaipeleka barua hii kwa mkono kwa mbunge wetu nikiomba aisome Bungeni, na nakala nitaibandika mlangoni mwa karakana, hapo watu wanapoegemea wakingoja umeme urudi.

Kwa heshima,

Fundi wa vyuma,
Walukuba, Jinja